Saratani ya titi kwa mwanaume: vipokezi vikiwa chanya, tutarajie nini?

Nikimwandikia mwanaume mwenye uvimbe kwenye titi afanyiwe biopsi, yaani achukuliwe kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi, na ikathibitika kwamba ni saratani, kuna mstari mmoja wa majibu ambao huwa naujua kabla haujaandikwa. Ni ule wa kipokezi cha estrojeni, protini ya seli inayoishika homoni hiyo, ambacho maabara hukifupisha kuwa ER. Utasomeka chanya, yaani kipo. Ni nadra mno kukuta vinginevyo, na ikitokea, jambo langu la kwanza ni kumrudia mwanapatholojia, daktari anayesoma vipande hivyo kwa hadubini, na kumwomba tuangalie tena kioo chake.

Wagonjwa wengi hushusha pumzi wakiusikia mstari huo. Wameshapita mtandaoni na kusoma kwamba saratani yenye vipokezi vya homoni ndiyo yenye nafuu: ina tiba ya vidonge na haiendi kwa kasi. Si uongo. Ila maelezo hayo yameandikwa kwa ajili ya wanawake, na kwao yana uzito kwa sababu yanawagawa. Wapo wenye vipokezi na wapo, tena si haba, wasio navyo, na makundi hayo hayafanani kwa mwenendo wala kwa tiba. Kwa wanaume karibu wote wako upande mmoja, na mtihani ambao darasa zima limefaulu haukuonyeshi nani wa kwanza na nani wa mwisho. Kwa hiyo mwanaume akiniuliza matarajio yake yakoje, jibu silitafuti kwenye neno chanya. Nalitafuta kwenye kiasi cha vipokezi, kwenye hatua ambayo ugonjwa umefikia, na, jambo linalosahauliwa kuliko yote, kwenye swali kama vidonge vinamezwa kweli.

Tuone namba kwanza. Uchambuzi wa rejista za saratani za Marekani uliochapishwa mwaka 2004, uliohusu wagonjwa wa kati ya 1973 na 1998, ulikuta ER kwa takriban 91% ya wanaume, wakati kwa wanawake ilikuwa 76%. Baadaye ukaja mpango wa kimataifa ulioongozwa na EORTC, shirika la utafiti wa saratani la Ulaya, matokeo yake yakatoka mwaka 2018. Huu ulihusu wanaume 1,483 waliogunduliwa kati ya 1990 na 2010. Uzuri wake ni kwamba vipande vya uvimbe vilipimwa upya katika maabara ya pamoja, badala ya kutegemea karatasi za kila hospitali na mazoea yake. Kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa haujasambaa, 99% walikuwa na ER, 82% walikuwa na kipokezi cha projesteroni, yaani PR, na 97% walikuwa na kipokezi cha androjeni, yaani homoni za kiume kama testosteroni. HER2, protini nyingine inayoichochea seli ikue, ilikuwa chanya kwa karibu 9%. Wasio na ER, PR wala HER2, kundi ambalo kwa wanawake linatusumbua sana, walikuwa 0.3%.

Tofauti kati ya 91 na 99 nadhani kwa kiasi kikubwa ni ya vipimo. Mbinu za zamani zilihitaji nyama nyingi na zilikuwa rahisi kukosea. Za sasa zinapakwa juu ya kipande chembamba kabisa na mtu anaona kwa macho yake seli ipi ina kipokezi na ipi haina.

Watu hushangaa zaidi na suala la estrojeni yenyewe. Mwanaume ana estrojeni, na anaihitaji, hata kwa ajili ya mifupa yake. Takriban moja ya tano hutoka moja kwa moja kwenye korodani. Iliyobaki hutengenezwa nje ya korodani, kwenye mafuta, misuli na ngozi, ambako kimeng'enya kiitwacho aromatesi huigeuza testosteroni kuwa estrojeni. Naomba msomaji aishike hesabu hiyo ya moja ya tano, kwa sababu tutaihitaji kwenye dawa. Mizani ya homoni hizi ndiyo inayoeleza pia kwa nini hatari huongezeka kwa wanene kupita kiasi, kwa wenye ini lililosinyaa kwa makovu, na hasa kwa wanaume waliozaliwa na kromosomu ya X ya ziada, hali iitwayo sindromu ya Klinefelter: kwa wote hao mizani ya androjeni na estrojeni imeinama. Tishu ya titi la mwanaume ni kidogo, mifereji michache nyuma ya chuchu, lakini ina vipokezi, na inaisikia estrojeni inapopita.

Madaktari walilinusa jambo hili kabla hawajajua kipokezi ni kitu gani. Mwaka 1942, Farrow na Adair wa New York waliripoti kwamba mwanaume ambaye saratani ya titi ilikuwa imeingia mifupani alipata nafuu baada ya kutolewa korodani. Kipokezi chenyewe kilikuja kuthibitishwa na Elwood Jensen huko Chicago, kwa kazi aliyoianza mwishoni mwa miaka ya 1950. Hapo katikati wanaume walikuwa wanatolewa korodani, wengine wanapata ahueni ya miaka, na hakuna aliyeweza kueleza vizuri kwa nini. Tamoksifeni, dawa ya vidonge inayokifunga kipokezi hicho, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1977, ndiyo iliyowaondoa wengi kwenye kisu hicho.

Sasa twende maabara, kwa sababu ubora wa mstari wa ER unaanzia kwenye chupa ya formalini, dawa ya kuhifadhi nyama. Kipande cha nyama kinatakiwa kiwe kimetumbukizwa humo ndani ya saa moja tangu kitoke mwilini, na kikae kati ya saa 6 na saa 72. Kikiachwa mezani wakati watu wanatafuta chupa, au kikitupwa kizima bila kukatwa ili dawa ipenye, protini za vipokezi zinaharibika. Hapo jibu litakuwa hasi kwa sababu ya uzembe wetu, na mgonjwa atanyimwa dawa iliyokuwa imsaidie.

Kipande kikishagandishwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba, kinapakwa kingamwili inayokitafuta kipokezi, kisha rangi. Huwa napenda kushuka mwenyewe nikakae kwenye hadubini yenye vichwa viwili, mwanapatholojia upande wake na mimi upande wangu. Uvimbe wa kawaida wa mwanaume unaonekana hivi: chini kuna bluu hafifu, juu yake mafungu ya seli za saratani, na ndani ya kila seli kiini kimekolea kahawia. Unasogeza kioo, hali ni ile ile. Unasogeza tena, kahawia. Pembeni kidogo kuna mfereji usio na saratani, na humo nako viini kadhaa vina kahawia. Mwanapatholojia hapo husimama kidogo na kuuonyesha kwa kishale cha hadubini, kwa sababu ndio ushahidi kwamba kipimo kimefanya kazi. Mfereji huo ukiwa mweupe kabisa na saratani nayo nyeupe, hatuandiki hasi. Tunarudia.

Kuhesabu kunafanywa kwa namna mbili. Moja ni asilimia ya viini vilivyoshika rangi. Nyingine ni alama za Allred, ambapo idadi ya viini inapewa 0 hadi 5, ukali wa rangi 0 hadi 3, na jumla ya juu ni 8. Kwa mwanaume hutegemea kuona 7 au 8. Shida ni kwamba mwongozo wa kimataifa unamhesabu mtu kuwa chanya kuanzia 1% tu ya viini, na tangu 2020 wale wa 1% hadi 10% wanaandikwa kuwa chanya ya chini. Mpaka huo uliwekwa ili asiachwe mtu anayeweza kufaidika na dawa, na nauunga mkono. Lakini kwa matarajio ya ugonjwa, mtu wa 4% na mtu wa 98% hawawezi kuwekwa kapu moja. Karatasi ikija imeandikwa chanya peke yake, bila asilimia wala alama, mimi huirudisha.

Ule mpango wa EORTC uliliona hilo. Wanaume ambao ER yao ilikuwa imekolea sana waliishi muda mrefu zaidi, na ilikuwa hivyo kwa PR iliyokolea na kwa kipokezi cha androjeni kilichokolea. Kilichonishtua mimi, na nadhani si mimi peke yangu, ni vile visivyoonyesha uhusiano: daraja la uvimbe, yaani seli zimebadilika kiasi gani, Ki67, kipimo cha kasi ya seli kujigawa, HER2, hata migawanyo ya aina tunayoitumia kila siku kwa wanawake. Kwa wanaume hao havikutenganisha waliofanya vizuri na waliofanya vibaya. Sijaacha kuviangalia, utafiti mmoja wa rekodi za nyuma hautoshi kuvitupa, na uvimbe wa daraja la tatu bado haunipi usingizi mzuri. Ila nimepunguza kumtisha mwanaume kwa sababu ya Ki67 ya juu kidogo wakati ER na PR zake zote ni 8 kati ya 8.

Kuhusu PR, huwa naiangalia kuliko wenzangu wengi. Kipokezi cha projesteroni hutengenezwa kwa amri ya kipokezi cha estrojeni. Seli yenye ER na PR inakuonyesha kwamba njia ya homoni iko hai: ishara inaingia na kazi inafanyika. Seli yenye ER bila PR inaweza kuwa na kipokezi kilichopo lakini seli imeshapata njia nyingine ya kujiendesha. Takriban mwanaume mmoja kati ya watano anaangukia huko, na huyo namfuatilia kwa karibu zaidi.

Ndani ya kundi hili la chanya kuna tofauti kubwa, na kipimo cha jeni 21, kinachozisoma jeni za uvimbe na kutoa alama za hatari ya ugonjwa kurudi, kiliianika wazi. Mwaka 2018 yalichapishwa majibu ya kipimo hicho kwa wanaume 3,806, wakilinganishwa na wanawake zaidi ya laki tano. Wanaume walijaa kwenye ncha zote mbili. Wenye alama za chini kabisa walikuwa wengi kuliko wanawake, na wenye alama za juu, 31 na kuendelea, nao walikuwa wengi zaidi: karibu 12% dhidi ya 7%. Wanaume wenye alama chini ya 18, kwa miaka mitano, 99% hawakufa kwa saratani hiyo. Wenye 31 na zaidi, 81%. Hawa ni wanaume ambao wote, kwenye karatasi ya kawaida, walikuwa na vipokezi vya homoni. Kipimo chenyewe ni ghali na hakipatikani kila mahali, kwa hiyo wengi wetu tunabaki na hadubini na tezi za kwapani kama vielelezo vyetu. Lakini ukiyaona majibu hayo, hutamwambia tena mgonjwa kwamba chanya maana yake ni salama.

Na yule wa hasi? Kwa mwanaume ninamchukulia kuwa na swali lisilojibiwa hadi nithibitishiwe. Kwanza, kipande kilihifadhiwaje. Pili, je, hii ni saratani iliyoanzia kwenye titi? Saratani ya tezi dume inaweza kusambaa hadi kwenye titi, melanoma, saratani ya ngozi, nayo na ya mapafu pia, na mwanapatholojia ana vipimo vyake vya kuzitenga. Kosa la aina hiyo ni baya, kwa sababu tiba inaelekea pabaya tangu siku ya kwanza. Yote hayo yakishaondolewa, wanabaki wachache wenye saratani ya titi isiyo na vipokezi. Hao hatuwezi kuwapa tiba ya homoni. Wanategemea upasuaji, kemotherapia na mionzi, na matarajio yao kwa ujumla ni magumu zaidi.

Hapo hapo niseme juu ya kurithi, maana vinaingiliana. Mwanaume mwenye mabadiliko ya jeni ya BRCA2 ana hatari ya karibu 6% hadi 7% ya kupata saratani ya titi hadi afike miaka 70. Kwa BRCA1 ni karibu 1%. Saratani za wanaume wenye BRCA2 mara nyingi zina ER, lakini zina mwelekeo wa kuwa za daraja la juu. Miongozo ya sasa inataka kila mwanaume mwenye saratani ya titi apewe nafasi ya kupimwa jeni, hata kama hana ndugu aliyeugua. Jibu linawahusu pia mabinti zake, dada zake na wanawe wa kiume.

Turudi kwenye matarajio. Utasoma mahali kwamba wanaume hufa zaidi kwa saratani ya titi kuliko wanawake, na mahali pengine kwamba ukilinganisha hatua kwa hatua wanalingana. Mkanganyiko unatokana na nini kinahesabiwa. Mwanaume anagunduliwa akiwa na umri wa karibu miaka 67 au 68, yaani tayari ana moyo wake, shinikizo lake na sukari yake. Ukihesabu vifo vya sababu zote, atatoka vibaya. Ukihesabu vifo vya saratani peke yake, picha inakuwa nzuri zaidi. Uchambuzi mkubwa wa Marekani wa mwaka 2019, wenye wanaume 16,025 na wanawake zaidi ya milioni 1.8, ulikuta asilimia 77.6 ya wanaume wako hai baada ya miaka mitano, na wanawake asilimia 86.4. Hata baada ya kurekebisha umri, hatua, tiba na mengineyo, wanaume walibaki na hatari ya kufa iliyozidi kwa karibu 19%. Lakini waandishi walipochimba, karibu theluthi mbili ya pengo walilikuta kwenye hali ya ugonjwa wakati wa kugunduliwa na kwenye tiba pungufu.

Tiba pungufu ndiyo inayonikera. Chukua takwimu mbili za ule mpango wa EORTC uziweke pamoja: 99% walikuwa na ER, na waliopewa tiba ya homoni baada ya upasuaji walikuwa 77%. Karibu robo walikuwa na kipokezi, dawa ipo, na hawakuandikiwa. Kama kuna sehemu ya matarajio ya mgonjwa iliyoko mikononi mwetu madaktari, ndiyo hiyo.

Kuhusu hatua, takwimu ninazozitumia zaidi kliniki ni za mwaka 2023, kutoka rejista za Marekani, za wanaume wenye vipokezi vya homoni peke yao. Hatari ya kufa kwa saratani ya titi katika miaka 20 ilikuwa 12.4% kwa hatua ya kwanza, 26.2% kwa ya pili na 46.0% kwa ya tatu. Zisome tena polepole. Wote ni chanya, na kati ya hatua ya kwanza na ya tatu hatari imezidishwa karibu mara nne. Halafu angalia muda: miaka 20. Saratani yenye vipokezi haina haraka, na hiyo ina sura mbili. Inampa mtu muda, lakini pia inaweza kurudi mwaka wa nane, wa kumi na mmoja, wakati kila mtu ameshasahau. Ndiyo maana sifurahii sherehe za miaka mitano, ingawa sizizuii.

Uvimbe wenyewe kwa kawaida haumi. Uko nyuma ya chuchu au pembeni yake kidogo, mgumu. Chuchu inaweza kuvutwa ndani au kutoa damu. Kwa kuwa tishu ni kidogo, safari ya kufika kwenye ngozi au kwenye msuli ni fupi, na mwanaume anayekaa nao mwaka mzima akidhani ni jipu anajisogeza mwenyewe kutoka hatua ya kwanza kwenda ya tatu.

Dawa ya kwanza ni tamoksifeni, miaka mitano. Inakaa kwenye kipokezi cha estrojeni na kukifunga, kwa hiyo hata estrojeni ikiwapo haipati pa kushika. Inafanya kazi. Tatizo ni kuimeza. Utafiti wa mwaka 2012 uliowafuatilia wanaume 116 ulikuta kwamba mwaka wa kwanza karibu 65% walikuwa wanaitumia ipasavyo, na mwaka wa tano waliobaki ni 18%. Waliodumu nayo walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kurudi. Kituo kingine kikubwa cha Marekani kiliripoti picha isiyo mbaya hivyo, ambapo mmoja kati ya watano aliacha kwa sababu ya madhara. Nadhani tofauti hiyo inatokana na nani anauliza na anaulizaje.

Mgonjwa wangu mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, alikuwa anafika kliniki kila miadi na kujibu kwamba vidonge anameza. Mkewe ndiye aliyesema siku moja, huku anaangalia mkoba wake: "Daktari, mwambie ukweli. Ameacha tangu mwaka jana." Mzee alinyamaza kidogo, kisha akatoa karatasi ya dawa mfukoni, imekunjwa mara nne. "Soma mwenyewe daktari. Hedhi. Mimba. Kunyonyesha. Hii dawa mmenipa ya nani?" Nikamwambia, "Mzee wangu, karatasi hiyo iliandikwa bila kukufikiria wewe, lakini dawa inakufaa." Baada ya hapo ndipo yakatoka yale ya kweli: joto linalompanda usiku hadi shuka zinalowa, na hamu ya tendo la ndoa iliyokwisha. Hakuwahi kuulizwa, na mimi sina hakika angejibu kama angeulizwa mbele ya watu.

Madhara hayo ni halisi, na bora yatajwe siku ya kuandika dawa kuliko yamshtukize mtu nyumbani: joto la ghafla, kuongezeka uzito, hasira za karibu, kupungua kwa nguvu za kiume. La hatari zaidi ni damu kuganda kwenye mishipa ya mguu au mapafu, hasa mwaka mmoja na nusu wa mwanzo, kwa hiyo mguu mmoja ukivimba au pumzi ikikata, mtu asisubiri miadi. Mengi ya hayo mengine yanapungua kwa dawa za kusaidia. Ila naomba hili lisikike: asiende mtu kujinunulia testosteroni ili arudishe nguvu. Aromatesi itaigeuza kuwa estrojeni, na miongozo inaikataza kwa wanaume wenye saratani ya titi.

Hapo ndipo ile moja ya tano inaporudi. Kwa wanawake waliokoma hedhi tunapenda kutumia vizuia aromatesi badala ya tamoksifeni, na daktari anaweza kushawishika kufanya hivyo hivyo kwa mwanaume. Asifanye kirahisi. Kizuia aromatesi kikishusha estrojeni, ubongo unahisi upungufu, tezi ya pituitari iliyo chini yake inaongeza homoni za kuamsha korodani, na korodani zinatoa testosteroni zaidi, ambayo ni malighafi ya estrojeni. Juu ya hiyo, kuna ile sehemu inayotoka korodani moja kwa moja. Uchambuzi wa Ujerumani wa mwaka 2013 ulilinganisha wanaume 207 waliotumia tamoksifeni na 50 waliotumia vizuia aromatesi. Hao wa pili walikuwa na hatari ya kufa iliyo karibu mara moja na nusu ya ile ya wa kwanza. Namba ni ndogo, haukuwa utafiti wa kubahatisha makundi, lakini unakubaliana na fiziolojia.

Kizuia aromatesi kikilazimika, mathalani mtu ana historia ya damu kuganda, kinaandamana na sindano ya kuzima amri ya pituitari kwa korodani. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2021, ambao huu uliwagawa wanaume 56 kwa kubahatisha, ulipima estrojeni baada ya miezi mitatu. Waliotumia tamoksifeni peke yake, estrojeni ilipanda kwa 67%. Wa tamoksifeni pamoja na sindano ilishuka kwa 85%, na wa kizuia aromatesi pamoja na sindano kwa 72%. Hiyo 67% isimtishe anayetumia tamoksifeni. Estrojeni imepanda kwenye damu lakini mlango wa kipokezi umefungwa. Gharama ya sindano ilionekana kwenye maisha ya ndoa, ambayo yalidorora kwa waliochomwa. Kwa hiyo tamoksifeni peke yake imebaki chaguo langu la kwanza kwa mgonjwa ambaye ugonjwa haujasambaa.

Ugonjwa ukisambaa, mlango wa homoni bado ndio tunaoanzia kuugonga. Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu palbociclib, dawa ya kuzuia seli za saratani zisijigawe, itumike kwa wanaume pamoja na tiba ya homoni, ikitegemea kwa sehemu kumbukumbu za wagonjwa wa kawaida hospitalini, kwa kuwa majaribio makubwa yalikuwa yamewaacha wanaume nje. Mwaka uliofuata mamlaka hiyo hiyo ilitoa mwongozo ikitaka wanaume wajumuishwe kwenye majaribio ya dawa za saratani ya titi.

Miaka mitano ikiisha, swali linabaki: tuendelee au tuache? Miongozo inaruhusu kuendelea hadi kumi kwa mwenye hatari kubwa ambaye dawa haimtesi. Mimi naangalia kwapa zaidi ya kitu kingine. Tezi zilizokuwa na saratani siku ya upasuaji, hata kama ER ilikuwa 8 kati ya 8, namwomba mgonjwa aendelee, na kama PR ilikuwa haipo namwomba kwa mkazo zaidi. Uvimbe mdogo, tezi safi, vipokezi vimekolea, na mtu amechoka kuamka usiku akiwa amelowa jasho: huyo namwacha apumzike na dawa, lakini miadi yake ya kila mwaka haifutwi.